D'Alembert alifunga shauri mapema mno

Mwaka 1743 Jean d'Alembert, kijana wa Paris ambaye alikuwa hajatimiza miaka 26, alichapisha kitabu cha mekanika, na katika utangulizi wake akalifunga shauri ambalo wakubwa zake walikuwa wamelipigania kwa zaidi ya nusu karne. Shauri lilikuwa hili: kitu kikiwa mwendoni, nguvu yake ipimweje? Kundi moja lilisema uzito wake uzidishwe kwa kasi yake. Kundi la pili likasema uzidishwe kwa kasi mara kasi, yaani kwa kipeo cha pili cha kasi. D'Alembert akasema pande zote mbili zinakubaliana juu ya kila kinachoweza kupimwa. Kwa hiyo kilichosalia ni mjadala wa kimetafizikia usio na faida, au pengine ubishi wa maneno tu, ambao hata zaidi haustahili kuwashughulisha wanafalsafa.

Hukumu hiyo imeishi maisha marefu. Wanahistoria wengi waliifuata, na walimu wa fizikia wanaipenda kwa sababu inawaokolea muda: nyote mlikuwa sahihi, mlipima vitu viwili tofauti, nendeni nyumbani. Mimi naona ilikuwa nusu ya haki. Ilimaliza swali jepesi, ikalifukia lile gumu lililokuwa chini yake: kitu kikipoteza mwendo, kilichopotea kimekwenda wapi?

Aliyelianzisha jambo lote ni René Descartes. Katika kitabu chake cha misingi ya falsafa cha mwaka 1644 alidai kwamba Mungu alipoumba ulimwengu aliutia kiasi fulani cha mwendo, na kwa kuwa Mungu habadiliki, kiasi hicho hakiongezeki wala hakipungui. Kipimo chake ni ukubwa wa kitu mara kasi yake. Kusema kwamba kuna kitu ulimwenguni ambacho hesabu yake lazima ilingane kabla na baada ya kila tukio lilikuwa wazo kubwa sana, na sipendi jinsi Descartes anavyochekwa siku hizi kana kwamba hakuacha kitu. Ila kanuni saba za mgongano alizozijenga juu ya wazo hilo zilikuwa balaa. Ya nne inasema kwamba kitu kidogo kikikigonga kikubwa kilichotulia, hakikisogezi hata chembe, kiwe na kasi ya namna gani. Kitarudi tu kilikotoka kwa kasi ileile. Mtoto yeyote aliyecheza gololi angeweza kumjibu.

Kosa lake moja lilikuwa kuusahau mwelekeo. Alihesabu kasi bila kujali kitu kinaelekea wapi, hivyo vitu viwili vinavyojiana uso kwa uso aliwajumlishia mwendo wao badala ya kutoa mmoja kwa mwingine. Mwaka 1668 Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, iliwaomba John Wallis, Christopher Wren na Mholanzi Christiaan Huygens walete sheria za mgongano, na majibu yao yakatoka mwaka uliofuata. Wallis aliandika juu ya vitu visivyodunda, vile vinavyogongana na kuendelea pamoja. Wenzake wawili waliandika juu ya vinavyodunda. Tofauti hiyo ilipita kimyakimya wakati ule, lakini ndiyo itakayotusumbua mpaka mwisho wa habari hii.

Huygens alikuwa amefikia sheria zake kwa hila nzuri: alimwaza mtu aliye ndani ya mashua inayoteleza taratibu kwenye mfereji wa Uholanzi, ameshika mipira miwili iliyoning'inizwa kwa nyuzi, anaigonganisha, na mwenzake yuko ukingoni anaangalia. Mgongano ni mmoja, kasi wanazoziona ni tofauti, na sheria lazima iwafae wote wawili. Kutoka hapo akapata kwamba jumla ya uzito mara kasi, mwelekeo ukizingatiwa, haibadiliki. Akapata na jambo la pili ambalo hakulipigia ngoma: kwa vitu vinavyodunda, jumla ya uzito mara kipeo cha pili cha kasi nayo hubaki ileile.

Mwanafalsafa Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz ndiye aliyelipigia ngoma. Machi 1686, katika jarida la wanazuoni la Leipzig, alitoa makala fupi yenye kichwa cha kichokozi kuhusu kosa la kukumbukwa la Descartes. Hoja yake inaingia kwenye kiganja. Wafuasi wa Descartes wenyewe wanakubali kwamba kuinua ratili 1 hadi dhiraa 4 kunahitaji nguvu sawa na kuinua ratili 4 hadi dhiraa 1. Sasa viachie vitu hivyo vianguke. Galileo ametufundisha kwamba kinachoanguka kutoka urefu mara nne hupata kasi mara mbili tu. Basi cha kwanza kinafika chini kikiwa na 1 mara 2, cha pili kina 4 mara 1. Nguvu ni sawa, lakini kipimo cha Descartes kinasema 2 na 4. Ukitumia kipeo cha pili cha kasi unapata 4 na 4.

Kisha akaligeuza jambo liwe tishio. Tuseme Descartes ana haki, na nguvu ya kile kizito yote imehamia kwenye kile chepesi. Kitu cha ratili 1 kingepata kasi 4, na kasi hiyo ingekirusha hadi dhiraa 16. Ulianza na ratili 4 juu ya dhiraa 1, umemaliza na ratili 1 juu ya dhiraa 16. Umepata mara nne ya ulichotoa, bure. Mashine ya kujiendesha milele ingekuwa halali, na hakuna mhandisi wala mwanafalsafa wa maana aliyekuwa tayari kuikubali. Kuanzia 1695 Leibniz aliita kipimo chake nguvu hai, akakitenga na nguvu mfu ya kitu kinachosukuma tu bila kwenda, kama jiwe lililokaa juu ya meza.

Hapa ndipo d'Alembert anaposikilizwa, na ni haki asikilizwe. Chukua basi lililo kwenye kilomita 40 kwa saa, halafu lilelile kwenye kilomita 80, na breki zikamatie kwa namna moja. Muda wa kusimama unaongezeka mara mbili. Umbali wa kusimama unaongezeka mara nne. Ukiuliza breki zimefanya kazi kwa muda gani, basi la pili lina nguvu mara mbili ya la kwanza. Ukiuliza zimefanya kazi kwa umbali gani, lina mara nne. Leo tunasema kani mara muda hubadilisha momenta, yaani uzito mara kasi, na kani mara umbali hubadilisha nishati ya mwendo, ile nguvu hai ya Leibniz ambayo Gaspard Coriolis aliiwekea nusu yake mwaka 1829 ili hesabu za mashine zikae sawa. Mwenye kupima kwa saa na mwenye kupima kwa rula wote wako kwenye barabara moja. (Mtembea kwa miguu anayevuka hana shida na saa. Yeye ni mtu wa Leibniz.)

Majaribio maarufu ya enzi ile yaligonga mwamba huohuo. Giovanni Poleni, nchini Italia, alidondosha mipira kwenye mafuta ya mnyama yaliyogandishwa, akachapisha matokeo mwaka 1718. Willem 's Gravesande, profesa wa Leiden, alidondosha mipira ya shaba ya manjano kwenye udongo laini, yote ya ukubwa mmoja lakini mingine ina uwazi ndani ili iwe myepesi. Aliona kwamba mashimo yanalingana pale tu urefu wa kuanguka unapopungua kwa kadiri uzito unavyoongezeka. Hiyo ndiyo hesabu ya Leibniz. 's Gravesande alikuwa mfuasi wa Newton, mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuieneza fizikia ya Newton Uholanzi, lakini udongo ulipozungumza aliusikiliza, na mwaka 1722 akatangaza kwamba amebadili msimamo. Wafuasi wa Newton wa London hawakubadilika. Hakuna aliyekana mashimo. Walisema tu kwamba shimo refu huchukua muda mrefu kuchimbika, na muda nao uhesabiwe. Majaribio yakawa yanarudiwa huku na kule, matokeo yaleyale, na kila upande ukirudi nyumbani na ushindi.

Kwa hiyo ungeweza kusema kijana wa 1743 alikuwa na haki ya kuchoka. Tatizo ni kwamba mfano wa basi, na ule wa mpira unaopanda na kushuka, ni mifano myepesi: kitu kimoja, kani moja, hakuna kinachopotea njiani kisichoonekana. Chukua badala yake madonge mawili ya udongo yanayolingana, yanayojiana kwa kasi sawa. Yanagongana, yanagandana, yanasimama. Uzito mara kasi, kwa kuzingatia mwelekeo, ulikuwa sifuri na umebaki sifuri, hesabu imefunga. Nguvu hai ilikuwepo, sasa haipo. Hapa vipimo viwili havisemi tena jambo moja kwa lugha mbili. Kimoja kinasema hakuna cha kueleza. Kingine kinasema kuna deni.

Newton alikuwa amelitazama donge hilo bila kusita. Katika maswali ya mwisho ya kitabu chake cha Opticks aliandika kwamba mwendo una tabia ya kupotea kuliko kupatikana, na unazidi kupungua ulimwenguni, hivyo lazima pawepo na visababishi tendaji vya kuujaza tena. Leibniz akalichukulia hilo kama tusi kwa Muumba. Novemba 1715 alimwandikia Caroline, mke wa mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, kwamba Mungu wa Newton na wenzake ni fundi wa saa anayelazimika kuitia ufunguo saa yake kila mara. Samuel Clarke, kasisi na rafiki wa Newton, akajibu kwa niaba ya Waingereza: mfalme ambaye ufalme wake unajiendesha bila yeye ni mfalme wa jina tu, na wanaotaka hivyo mtu ana sababu ya kuwashuku kwamba wangependa kumwondoa kabisa. Barua zilikwenda na kurudi hadi Leibniz alipofariki Novemba 1716.

Katika barua yake ya mwisho kuna aya moja ambayo kwangu inatosha kuivunja hukumu ya d'Alembert. Clarke alikuwa amemtupia donge lile: vitu viwili laini vinagongana, nguvu inapotea, wasemaje? Leibniz akajibu kwamba haipotei. Vitu vizima vinaipoteza katika mwendo wao wa jumla, lakini sehemu zao ndogo zinaipokea, zikitikiswa ndani kwa ule mgongano. Ni kama mtu anapovunja pesa kubwa kupata chenji, alisema.

Tazama ni usemi wa namna gani. Hautoi maana mpya ya neno nguvu. Unadai kwamba baada ya mgongano kuna kitu kinaendelea ndani ya udongo, kitu cha kiasi maalumu, hata kama macho hayakioni. Ni dai linaloweza kuwa kweli au uongo, na mtu angeweza kwenda kulitafuta. Leibniz hakulitafuta, nalo lilikaa bila kipimo kwa zaidi ya miaka 120 hadi James Joule alipoanza kupima joto linalozaliwa mwendo unapopotea. Sitaki kumfanya Leibniz nabii wa Joule. Alikuwa na sababu zake za kimetafizikia ambazo fizikia ya leo haizihitaji. Lakini alikuwa anauliza, na Clarke alikuwa anakataa kuuliza. Mwaka 1728 Clarke alichapisha barua kali katika jarida la Royal Society akiwashutumu watu wa nguvu hai kwamba wanatimua vumbi ili kuifunika falsafa ya Newton. Fitina za nani kati ya Newton na Leibniz aligundua kalkulasi kwanza zilikuwa bado moto, na mtu anayesoma barua ile anausikia moshi wake.

Akademia ya Sayansi ya Paris ililisukuma jambo lilelile chini ya zulia kwa njia ya adabu zaidi. Kwa tuzo ya 1724 ilitaka sheria za mgongano wa vitu vigumu kabisa, visivyobonyea wala kudunda. Johann Bernoulli wa Basel akajibu kwamba vitu hivyo haviwezi kuwepo: kitu cha namna hiyo kingelazimika kuacha kasi moja na kushika nyingine papo hapo bila kupita katikati, na maumbile hayaruki. Akanyimwa tuzo kwa kutojibu swali. Aliyeipata ni Mskoti Colin Maclaurin. Ninaelewa waamuzi, kanuni ni kanuni. Lakini waliyempa tuzo alikuwa amekubali ulimwengu ambamo nguvu hai inaweza kufutika pasipo mahali pa kwenda, maana kitu kigumu kabisa hakina sehemu za ndani za kutikisika. Na ni juu ya vitu hivyohivyo vigumu kabisa ndipo d'Alembert alipoziweka sheria zake za mgongano mwaka 1743. Aliyetangaza kwamba hakuna cha kubishania alikuwa tayari amechagua vitu ambavyo kwavyo swali halina pa kukaa.

Aliyelielewa jambo hili vizuri kuliko wanaume wengi wa Paris ni Émilie du Châtelet. Kitabu chake cha misingi ya fizikia kilitoka 1740, na sura ya mwisho, ya 21, inahusu nguvu za vitu. Humo alimshambulia waziwazi Jean-Jacques Dortous de Mairan, ambaye mwaka 1728 alikuwa ameisomea Akademia utetezi wa kipimo cha zamani. Hoja ya Mairan ilikuwa na ujanja. Usihesabu, alisema, nafasi ambayo kitu kinachopanda kimeipita. Hesabu ile ambayo kimeshindwa kuipita. Chenye kasi 2 kingepita nafasi 4 katika sekunde ya kwanza lau si mvuto wa dunia, kikapita 3. Katika ya pili kingepita 2, kikapita 1. Kimepoteza 1 na 1, jumla 2. Chenye kasi 1 kimepoteza 1. Nguvu zao basi ni 2 kwa 1, na kipeo cha pili hakimo.

Hesabu hiyo haina kosa, na ndiyo maana inahitaji kichwa kuijibu. Du Châtelet aliona panapovuja. Mairan anamtaka msomaji awaze kitu kinachovishinda vizuizi huku kikiendelea na mwendo uleule kana kwamba hakikutumia chochote. Lakini kushinda kizuizi ndiko kutumia nguvu. Kitu kinachokunja springi moja, kisha ya pili, bila kupungukiwa, kingeendelea kuzikunja springi zote za duniani. Tumerudi kwenye mashine ya milele.

Mairan, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshika ukatibu wa kudumu wa Akademia, akajibu Februari 1741 kwa barua ya wazi iliyomshauri bibi huyo aisome tena tasnifu yake, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mwanafunzi aliyepotoshwa na mwalimu. Mwezi uliofuata jibu la du Châtelet lilikuwa limekwisha chapishwa Brussels, hoja kwa hoja. Kwa rafiki yake mmoja aliandika kwamba yeye si katibu wa Akademia, lakini ana haki, na hilo lina thamani kuliko vyeo vyote. Mairan hakuendelea. Nyumbani kwake mwenyewe du Châtelet hakupata mshirika: Voltaire, aliyeishi naye, alikuwa upande wa Mairan na aliandika kuutetea.

Upande ule mwingine haukuwa na wajinga watupu, hilo nalo lisemwe. Hoja yao bora kabisa ilikuwa ya James Jurin, tabibu wa London, naye aliirudisha mashua ya Huygens kwa mlango mwingine. Weka springi juu ya chombo kinachosogea kwa kasi 1, iachie irushe mpira mbele ili uongeze kasi nyingine 1. Aliye ndani ya chombo anaona mpira umetoka 0 hadi 1, umepata nguvu hai 1. Aliye pwani anaona umetoka 1 hadi 2, nguvu hai imetoka 1 hadi 4, imeongezeka 3. Springi ni ileile. Hiyo ziada ya 2 imetoka wapi? Imetoka kwenye chombo, ambacho springi imekisukuma nyuma kikapungua mwendo kidogo. Ukikiingiza kwenye hesabu inafunga sawasawa. Napenda sana jibu hilo kwa sababu swali lake ni lilelile la donge: usikubali kitu kitokee au kipotee mpaka umeikagua kila pembe. (Immanuel Kant naye alijaribu kuwapatanisha wote katika kitabu chake cha kwanza, kilichotoka 1749, na asivunje ubishi wowote. Mshairi Lessing alimtungia mistari minne ya kejeli: anapima nguvu hai, ila zake mwenyewe hajazipima.)

Aliyeonyesha gharama ya swali hili hakuwa mwanafalsafa. John Smeaton alikuwa mhandisi Mwingereza, na tatizo lake lilikuwa magurudumu ya maji: je, maji yaligonge gurudumu kwa chini kwa kasi yao, au yamiminwe juu yalishushe kwa uzito wao? Vitabu vilikuwa aibu. Bernard Forest de Bélidor, Mfaransa, alisema la chini linashinda mara sita. Desaguliers wa London alisema la juu linahitaji maji pungufu mara kumi. Smeaton akajenga kielelezo kidogo, akapima maji yaliyoingia na uzito ulioinuliwa, na mwaka 1759 akaieleza Royal Society kwamba la juu linatoa takriban mara mbili ya la chini. Akapewa medali ya Copley kwa kazi hiyo.

Kisha akaeleza sababu. Maji yanayogonga ubao hayadundi. Sehemu moja ya uwezo wao inapita kwenye gurudumu, na nyingine inaishia katika kuyabadili maji yenyewe umbo pale yanapopiga. Hilo ni donge la Clarke na jibu la Leibniz, kutoka kwa mtu wa nchi ya Newton ambaye alikuwa na mwenye kinu wa kumridhisha. Mwenye kinu huyo, ungemwambia kwamba nusu ya mto wake imepotea katika ubishi wa maneno, angekuonyesha mlango.

Baada ya hapo jambo lilihamia kwa watu wa mashine. Mwaka 1783 Lazare Carnot, afisa wa wahandisi katika jeshi la Ufaransa, alichapisha insha juu ya mashine kwa ujumla. Alionyesha kwamba vitu visivyodunda vinapogongana, nguvu hai inayopotea ina kiasi kamili kinachoweza kukokotolewa: ni ile ambayo vitu hivyo vingekuwa nayo kama vingekwenda kwa kasi vilizozipoteza. Kwa hiyo, akawashauri wajenzi, mashine isukume kidogo kidogo na isigonge. D'Alembert alifariki Oktoba ya mwaka huohuo.